Kabla ya Tofali la Kwanza: Halmashauri Inaamuaje Ombi Lako la Kujenga?

Wengi wetu tunapowaza kujenga, tunaanza kuhesabu matofali, saruji, mbao na mabati. Tunauliza fundi atataka kiasi gani. Tunachanga kwenye kikoba mwezi baada ya mwezi, tunaweka kando fedha za msimu wa pamba, na wakati mwingine hata mbuzi wawili watatu wanakwenda mnadani. Ni wachache wanaojiuliza swali lililopasa kutangulia yote hayo: Je, nimeruhusiwa kujenga hapa kitu ninachotaka kujenga? Na anayetoa ruhusa hiyo ni nani, naye anaamuaje?

Akina mama hasa tunapaswa kulijua jambo hili. Nyumba ikibomolewa, mama ndiye anayetafuta mahali pa kuwalaza watoto usiku ule. Baa ikifunguliwa ukuta kwa ukuta na chumba cha watoto, mama ndiye anayekesha nao. Na kikundi cha akina mama kikitumia akiba ya miaka mitano kujenga chekechea mahali pasiporuhusiwa, hasara hiyo haina wa kuilipa. Kwa sababu hiyo, mwezi huu tumeona tueleze kwa lugha ya nyumbani jinsi ombi la kujenga linavyopokelewa na kuamuliwa, tukichukua mfano wa mji wa Bariadi na mkoa wake wa Simiyu.

MJI UNAOKUA

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikiwa imemegwa kutoka mkoa wa Shinyanga. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu karibu milioni 1.6 katika mkoa huu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wamezidi milioni 2.1.

Bariadi ulipofanywa makao makuu ya mkoa, zilikuja ofisi, wakaja watumishi wanaotafuta nyumba za kupanga, wakaja na wafanyabiashara wanaotafuta fremu za maduka. Lami ikaunganisha mji na Lamadi kwa upande mmoja na Maswa kwa upande mwingine. Mwaka 2018 sherehe za Nanenane za kitaifa zilifanyika Nyakabindi, na wageni kutoka nchi nzima wakauona mji huu. Shamba ambalo juzi lilikuwa la pamba, leo lina bikoni. Ardhi inapokuwa na thamani, haraka nayo huingia, na haraka ndiyo mama wa makosa mengi ya ujenzi.

KWA NINI NIOMBE RUHUSA KATIKA KIWANJA CHANGU?

Swali hili tumelisikia mara nyingi, na ni la haki. Kiwanja nimekinunua kwa fedha zangu, risiti ninayo, kwa nini tena nipige hodi kwa mtu?

Jibu ni kwamba kiwanja ni chako, lakini mtaa ni wa wote. Kisima chako kikiwa karibu na choo cha jirani, mnaugua wote. Ukijenga hadi ukingo wa njia, gari la zimamoto halipiti, na moto hauchagui nyumba. Ukiziba mkondo wa maji, mvua za masika zitaingia kwa mwenzako wa chini. Ndiyo maana Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inasema kwamba katika eneo lililotangazwa kuwa eneo la mipango, hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Mamlaka hiyo ni halmashauri: ya jiji, ya manispaa, ya mji au ya wilaya.

Hili si jambo jipya. Kabla ya sheria hiyo ilikuwapo nyingine ya mwaka 1956, ya wakati wa ukoloni, iliyofuata mtindo wa Uingereza. Tatizo letu kubwa halikuwa kukosa sheria, bali kukosa wa kuisimamia. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa. Halmashauri za miji zilirudi mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 ndizo zilizoziweka upya serikali za mitaa, mijini na wilayani. Miaka yote hiyo watu hawakuacha kuhamia mijini wala kujenga. Walijenga palipopatikana, na mitaa mingi isiyo na njia wala nafasi ya shule ilikua wakati huo.

Gharama ya kujenga bila kuuliza tuliiona waziwazi mwaka 2017, kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam. Kutoka Kimara hadi Kiluvya, nyumba nyingi zilibomolewa ili barabara ipanuliwe, kwa maelezo kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wengi wa wenyewe walikuwa wameishi hapo miaka mingi, wakiwa na umeme na maji. Kuwekewa umeme si kibali cha kujenga. Kulipa kodi ya jengo nako si kibali. Hili tulikumbuke.

Anayenunua kando ya barabara kubwa aelewe pia kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Hivyo kipimo alichokumbuka babu si lazima kiwe kipimo cha leo. Waulize TANROADS kabla hujamlipa muuzaji. Vivyo hivyo kwa kiwanja cha kando ya mto au ziwa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

MAOMBI YA AINA MBILI

Watu wengi huchanganya mambo mawili, na mkanganyiko huo huwapotezea miezi.

La kwanza ni kibali cha ujenzi. Hati yako inasema kiwanja ni cha makazi, nawe unataka kujenga nyumba ya kuishi. Hapo huombi kubadili chochote. Unaiomba halmashauri iikague ramani ya nyumba yako na kuridhika kwamba ni salama na inafuata taratibu.

La pili ni kubadili matumizi ya ardhi. Hati inasema makazi, nawe unataka kuweka mashine ya kukoboa na kusaga, nyumba ya wageni, kituo cha mafuta, au hata kanisa na chekechea. Hapo unaomba mpango wenyewe wa mtaa ubadilike. Ombi hili ni zito zaidi, linapita mikono mingi zaidi, na majirani wana haki ya kusikilizwa.

Basi kabla ya kumwita mchora ramani, itoe hati sandukuni uisome sehemu ya matumizi. Utakuta imeandikwa kundi na aina ya matumizi, kwa mfano kundi A kwa makazi. Kama huelewi, mwulize Afisa Mipango Miji wa halmashauri. Kuuliza si ombi, wala hakulipiwi.

Jambo jingine la kuuliza mapema kwa mtu wa Bariadi: kiwanja changu kiko chini ya nani? Ipo Halmashauri ya Mji wa Bariadi, na ipo Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi. Ni ofisi mbili tofauti. Tena pembezoni mwa mji, ardhi inaweza kuwa bado ni ya kijiji, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Usikubali dalali akujibie swali hilo. Nenda mwenyewe.

OMBI LINAPITA WAPI

Tuanze na kibali cha ujenzi. Mwombaji hupeleka fomu, ramani za jengo na uthibitisho kwamba kiwanja ni chake. Kwa jengo la ghorofa hutakiwa pia michoro ya mhandisi inayoonyesha nguzo na nondo. Miaka ya karibuni halmashauri zimeanza kupokea maombi haya kwa kompyuta au simu kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe si mkononi mwa mtu.

Kisha wataalamu huligawana jalada hilo. Afisa Ardhi anaangalia umiliki: je, jina la hati ni la mwombaji, kuna kesi au zuio? Afisa Mipango Miji anaangalia matumizi, na nafasi iliyoachwa kutoka mpakani na barabarani. Mhandisi anaangalia kama jengo litasimama. Afisa Afya anaangalia choo, madirisha na mahali pa maji machafu. Kwa majengo ya watu wengi, kama ukumbi au bweni, Zimamoto nao wana neno. Kila mmoja anaandika maoni yake, na uamuzi unatokana na maoni hayo yote kwa pamoja. Ndiyo maana dosari moja tu, kwa mfano choo kilichochorwa kwenye mpaka wa jirani, yaweza kulirudisha jalada zima.

Maombi ya kubadili matumizi huendelea mbele zaidi. Hupita katika ofisi ya mtaa na ya kata, tangazo hutolewa, kisha wataalamu huandaa taarifa kwa madiwani. Katika halmashauri ya mji, madiwani wanaohusika ni wa Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Hao ni watu tuliowachagua, pamoja na madiwani wanawake wa Viti Maalum. Kamati ikiridhia, mapendekezo huendelea kwenye mamlaka ya ardhi ya serikali kuu, kwa sababu mchoro wa mipango miji huidhinishwa huko. Tangu mwaka 2020 kila mkoa wa Tanzania Bara umekuwa na ofisi yake ya ardhi, hivyo mtu wa Simiyu halazimiki kufunga safari ndefu kama zamani.

Fahamu pia kwamba kamati za namna hii hukutana kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Jalada likikosa karatasi moja siku ya kikao, linasubiri kikao kijacho. Watu wengi wanaosema "wananizungusha" wamekwama hapo tu. Wengine wanazungushwa kweli, na hao tutawasemea hivi punde.

WANAPIMA NINI?

Tuseme kikundi cha akina mama wa kanisa wamenunua kiwanja cha makazi katikati ya mtaa, wanataka kujenga chekechea. Nia yao ni njema, na kila mtu mtaani anawajua. Je, watakubaliwa?

Halmashauri haipimi wema wa nia. Inapima mambo mengine. Je, kiwanja kinatosha watoto wanaotarajiwa, pamoja na uwanja wa kuchezea? Watoto wataingilia wapi, kwenye barabara yenye malori au kwenye njia tulivu? Vyoo vitakuwa vingapi, na maji yatatoka wapi? Je, mpango wa mtaa ulikwisha kutenga kiwanja kingine cha shule karibu? Majirani wanasemaje? Kikundi chenye majibu ya maswali haya, kimeyaandika na kuyachora, kina nafasi nzuri. Kikundi kinachokwenda na barua ya kusihi tu kitarudi mikono mitupu, na pengine kitanung'unika kwamba kimeonewa.

Sasa tugeuze mfano. Tuseme mfanyabiashara mwenye uwezo anataka kuweka mashine ya kusaga katika mtaa uleule. Mashine inahitajika, sisi wenyewe ndio tunaopeleka mahindi. Lakini ina kelele, ina vumbi, na mikokoteni na pikipiki za mizigo hazikauki mlangoni. Vipimo ni vilevile. Halmashauri inaweza kukataa, au kukubali kwa masharti, kama vile saa za kufanya kazi na umbali kutoka nyumba za watu. Mwenye fedha hapimwi kwa fedha zake, kama vile kikundi kile hakipimwi kwa wema wake. Hapo ndipo haki ilipo, na hapo ndipo tunapopaswa kuilinda.

Kwa sababu hiyo kanuni zinamtaka diwani mwenye maslahi katika jambo lililo mezani ayatamke, wala asishiriki kuliamua. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi. Ni mara ngapi sisi akina mama tumekwenda kuketi nyuma na kusikiliza? Diwani anayejua kwamba watu wa kata yake wamekaa pale hunena kwa uangalifu zaidi.

JIRANI NAYE ANA SAUTI

Anayetaka kubadili matumizi hutakiwa kutangaza kusudio lake, na tangazo hueleza mwisho wa kupokea pingamizi. Wengi wetu tunapita mbele ya bango hilo tukidhani ni la kampuni fulani. Mashine ikishafungwa ndipo tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa tukilia. Wakati huo tumechelewa, maana kuzuia jambo kabla halijaanza ni rahisi kuliko kulivunja likiisha.

Pingamizi lenye nguvu ni la maandishi na linataja madhara. "Simpendi huyu" si pingamizi. "Chumba cha watoto wangu kiko hatua sita kutoka mahali mashine itakapowekwa, na mmoja ana pumu" ni pingamizi. Andikeni pamoja majirani, kila mmoja atie sahihi, pelekeni kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na nakala kwa Mtendaji wa Mtaa na diwani. Dai mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Barua isiyo na mhuri ni kama haikuandikwa.

Lakini tuwe waungwana pia. Pingamizi si fimbo ya kuwapigia wanaotuzidi. Jirani akiomba kujenga nyumba nzuri kuliko yako kwa kufuata taratibu, mwombee heri.

JINA LILILOKO KWENYE HATI

Hapa tunagusa jambo ambalo nyumba nyingi zinalikwepa. Halmashauri inapolipokea ombi, inamtambua yule ambaye jina lake limo kwenye hati. Mama anaweza kuwa ametoa nusu ya fedha, amebeba maji ya kufyatulia matofali, amewapikia mafundi miezi sita, lakini jina likiwa la mume peke yake, barua zote zitaandikwa kwa mume. Mume akifariki, ndugu wakaja na madai yao, mama huyo ataanza safari ndefu ya kuthibitisha kwamba pale ni kwake.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Inatambua pia umiliki wa pamoja wa mke na mume. Hivyo zungumzeni mapema, kwa upendo na si kwa ugomvi, majina yote mawili yaandikwe. Mjane na mama asiye na mume nao waandikishe kwa jina lao wenyewe, si la kaka wala la mjomba "kwa ajili ya urahisi". Urahisi wa leo ndio kesi ya kesho.

UKIKATALIWA AU UKIZUNGUSHWA

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi dosari inarekebishika: sogeza choo, punguza ukubwa wa jengo, leta karatasi iliyokosekana. Ukiona bado hukutendewa haki, mwandikie Mkurugenzi kuomba jambo litazamwe upya, na ukashauriane mapema na mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria kuhusu ngazi za rufaa, maana rufaa zina muda wake. Migogoro ya umiliki ni jambo jingine. Hiyo husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, si kutoa hukumu.

Na kama mtu anakuambia jalada halitembei bila "chai", huyo anataka rushwa. TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113, na kupiga hakuna malipo. Wajihadhari pia na vishoka, wale wanaozunguka nje ya ofisi wakijidai kuwa na njia ya mkato. Kibali cha kishoka hakitambuliki siku ya tingatinga.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kabla ya kununua, mwone Afisa Ardhi na Afisa Mipango Miji uthibitishe kiwanja ni cha nani na ni cha matumizi gani.
2. Hakikisha bikoni zipo na zinalingana na ramani ya upimaji.
3. Weka fedha ya ramani na kibali katika hesabu ya ujenzi tangu mwanzo, kama unavyoweka ya saruji.
4. Lipa kwa namba ya malipo, tunza risiti, na weka nakala ya kila karatasi kwa mtu unayemwamini.
5. Jenga kilichochorwa. Ukitaka kuongeza chumba au fremu, rudi kuomba. Mwite mkaguzi wakati wa msingi, kabla hujafukia.
6. Soma tarehe ya kibali. Kina mwisho wake.
7. Soma mabango ya mtaani kwako, na hudhuria mkutano wa mtaa.

Mpenzi msomaji, huenda mambo haya yameonekana kama kazi ya wanaume au ya wasomi. Lakini anayeijua njia ya jalada hadanganywi, na mtaa wenye akina mama wanaosoma mabango haugeuzwi gizani. Kama una kiwanja, anza wiki hii kwa kuisoma hati yako. Kama bado huna, anza kwa kujua ofisi ya Mipango Miji ya halmashauri yako iko jengo gani. Ni safari ya asubuhi moja, nayo yaweza kukuokolea akiba ya maisha yako yote.